Nukta, Kipaza na Vyumba vya Kompyuta

Jumatatu, 3 Machi

Naziomba radhi kurasa hizi, na najiomba radhi mwenyewe. Tangu mvua za mwaka jana sijaandika hapa hata neno, wala sina udhuru wa maana. Mtu akistaafu hudhani hana tena jambo la kuandika. Leo ninalo!

Meneja wa shirika la uchapishaji amepiga simu asubuhi. Ule mwongozo wa afya ya mama na mtoto unatolewa upya. Ule ule! Kitabu kilichotundikwa msumarini katika kila zahanati. Mimi na Kipaza ndio tuliosahihisha prufu zake, yaani kurasa za majaribio kabla ya kuchapwa, enzi hizo tukiwa bado na meno yote. Sasa anataka nisahihishe prufu za toleo jipya. Kwanza sura moja ya majaribio, ile ya kuhara kwa watoto. Ikiwaridhisha yeye na wajumbe wa bodi, kitabu kizima ni changu, pamoja na vingine vitakavyofuata.

Ila kuna masharti. Karatasi hakuna, kila kitu ni kwa kompyuta. Na msahihishaji ni mmoja.

Nikamwuliza: na Kipaza? Akacheka kwa adabu. "Mama, siku hizi mwenzako ni kompyuta."

Kazi yetu ilikuwa ya watu wawili, daima. Kipaza akiushika mswada anausoma kwa sauti, neno kwa neno na alama kwa alama: herufi kubwa, mkato, nukta, aya mpya. Mimi nimeikodolea macho prufu, kalamu nyekundu mkononi. Sauti yake ilisikika mpaka kwenye mitambo, ndipo shirika zima likamwita Kipaza. Mimi wakaniita Nukta, kwa kuwa sikuwahi kuiachia sentensi ipite bila nukta yake. Majina ya wazazi wetu tuliyaacha getini.

Nimemwambia Meneja ndiyo. Kipaza sijamwambia.

Jumanne, 4 Machi

Mkwe wangu amenipa kompyuta yake ya zamani. Yeye huchora ramani za nyumba, anafanyia kazi chumba cha mbele, na amenunua mpya. Ameiweka juu ya meza ya kulia, akaifuta kwa kitambaa, akasema, "Hii sasa ni yako, Mama. Usiiogope." Nikamjibu kwamba wahariri wazima wenye ndevu walikuwa wakiniogopa mimi, sitaanza kuogopa kitu kinacholishwa kwa waya.

Kiburi si maungwana. Saa moja haikupita nilikuwa nimekwisha kushindwa. Madirisha! Kila ukifungua kitu kinakuja na dirisha lake. Toleo la zamani dirisha. Prufu dirisha. Kamusi dirisha. Barua pepe dirisha. Yamelaliana kama vyombo visivyooshwa. Nimeitafuta prufu, nikaikuta chini ya barua. Nimeigusa barua, kamusi ikatoweka. Nyumba gani hii — madirisha tele, ukuta hakuna!

Kumbe nimelisema hilo kwa sauti. Mkwe alicheka mpaka akakiweka kikombe chini. "Basi tukujengee kuta, Mama."

Akanionyesha. Unabofya kitufe kidogo cha kijani, dirisha linatanda skrini nzima. Ukurasa mtupu! Hakuna kingine, hata jina la faili kule juu linajificha. Utulivu wa chumba cha mtihani. Na kila kilichotanda hivyo kinapata mahali pake peke yake. Unaweka vidole vitatu kwenye kile kibao kilicho chini ya vitufe, unatelezesha — ukurasa wote unajiondokea, unaingia mwingine!

Nimepiga ukelele. Mwanangu alitoka bafuni na povu la sabuni masikioni akidhani nimeanguka. Nikamwambia, tazama. Nikatelezesha. Akasema, "Ndiyo hiyo tu?" Kisha akarudi kuoga. Watoto hawa walizaliwa wameshiba; hawashangai tena.

Mkwe anasema kila mahali hapo panaitwa "desktopu". Nimekataa. Mimi nitaviita vyumba. "Viite utakavyo, Mama," akasema, "mradi ujue umo chumba kipi."

Jumatano, 5 Machi

Vidole vitatu. Viwili vinavuta ukurasa tu. Vitatu! Nimefanya mazoezi juu ya kitambaa cha meza wakati wa kula. Mwanangu ameuliza kama kitambaa kinawashwa.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeipanga nyumba yangu. Kushoto kabisa, toleo la zamani, lile lililo sahihi. Kulia kwake, prufu mpya. Chumba kinachofuata, kamusi. Cha mwisho, barua. Ni mpangilio wa meza yetu ya ofisini: mswada kushoto, prufu kulia. Mkono umekwisha kuuzoea kwa miaka. Haukuhitaji kufundishwa upya.

Kisha leo nimegundua jambo. Peke yangu! Mkwe hakuniambia, na nilipomwonyesha alisema hakuwahi kulifikiria.

Mpangaji kurasa amebadilisha michoro tu. Maneno hayakutakiwa kuguswa, na mistari ameiacha palepale ilipokuwa. Basi ukisimama kwenye ukurasa wa kumi wa zamani, ukatelezesha hadi ukurasa wa kumi wa prufu, ukarudi, ukaenda, ukarudi, haraka haraka — maandishi yanatulia kama hayajahama. Lakini palipo na tofauti, hapo panaruka! Panapepesa kama jicho lililoingia vumbi! Neno lililoachwa, tarakimu iliyogeuzwa, mkato uliodondoka, vyote vinajisaliti vyenyewe. Kazi iliyokuwa ikituchukua asubuhi nzima na birika zima la chai nimeimaliza kabla maji hayajachemka.

Nimesimama nikazunguka meza. Umri huu! Ningekuwa na mtu wa kumwambia, ningemwambia Kipaza.

Ndiyo. Hapo ndipo penye mwiba.

Ijumaa, 7 Machi

Kipaza amepiga simu. Goti lake bado. Akauliza kuna habari gani mpya. Nikasema hakuna. Mimi! Niliyewafukuza watu kazini kwa kusema "karibu sahihi".

Kazi inakwenda mbio. Leo sikuwa hata na haja ya kutelezesha hadi kwenye kamusi: nimeibofya tu alama yake kule chini ya skrini, ikaja yenyewe. Nikarudi kwenye kurasa zangu, nikaendelea. Zilizobaki zina makosa mengi kuliko za jana. Mpangaji huyo alikuwa amesinzia. Ikiruka, nasahihisha. Ikiruka, nasahihisha. Sisomi hata maana. Msahihishaji hafuati akili yake, hufuata mswada. Ndivyo tulivyofunzwa, na ndivyo nilivyowafunza wengine.

Jumamosi, 8 Machi

Nimemaliza! Nimepitia sura yote tena tangu mwanzo, huku na huku, huku na huku. Hapajaruka popote. Kurasa zinalingana kama mapacha!

Mkwe amenipigia makofi. Akasema nimtumie Meneja leo leo. Nikasema Jumatatu, prufu ilale kwanza, kama unga. Ni desturi yetu ya zamani. Nashukuru kwamba mimi ni mkaidi, ingawa sijui kwa nini nashukuru. Labda ni furaha tu.

Jumapili, 9 Machi

Siku ndefu. Niandike kwa utaratibu.

Kipaza amekuja mwenyewe, na goti lake, na fimbo. Hakubisha hodi, alisimama mlangoni akasoma kwa ile sauti: "Herufi kubwa, nasikia umepata mwenza mpya, mkato, hakohoi wala haombi chai, nukta."

Mjalidi wa shirika, mshona vitabu, amemwambia. Wajalidi hawawezi kushona midomo yao.

Akaketi, akalinyosha goti, akasema, "Nukta, ungeniambia tu. Mimi si yai." Mkwe akaleta chai bila kuombwa.

Akaniambia nimwonyeshe huyo mwenza. Nikaona heri kuonyesha kuliko kueleza. Nikamwonyesha vyumba, vidole vitatu, kurasa zinazorukaruka — nikasahau aibu, nikachangamka kama mchuuzi. Naye macho yakamtoka! "Toba! Hebu tena. Tena! Kwa hiyo anayekosea anajipepesa mwenyewe?" Akajaribu kwa vidole vyake, chumba cha kamusi kikampita, akacheka, akarudi. Tulikuwa wasichana wawili kwenye bembea.

Ndipo akafungua mkoba wake. Alikuwa amebeba nakala yake ya toleo la zamani, jalada limebandikwa utepe. Alidhani ingenifaa. Amejua kwamba nimemficha, na bado amenibebea kitabu! Akasema, "Acha nikusomee ukurasa mmoja tu, kuiaga kazi ya mdomo wangu." Akaufungua popote, akasoma maji ya chumvi na sukari ya mtoto anayeharisha. "Maji safi yaliyochemshwa, mkato, lita moja, mkato—"

Skrini inasema nusu lita.

Nikamwambia arudie. Akarudia: lita moja. Nikatelezesha hadi chumba cha kushoto, cha toleo la zamani. Nusu lita! Nikarudi kulia. Nusu lita! Kitabu mkononi mwake, kilichosahihishwa na sisi wenyewe: lita moja.

Chumvi ile ile ndani ya nusu ya maji. Kwa mtoto mchanga aliyekwisha kukauka. Na mimi jana nilikuwa nimefurahi kwamba kurasa zinalingana.

Nikamwita mkwe. Alibofya hapa na pale, kisha akauma mdomo. Vyumba vilihama, Mama, akasema. Kompyuta hii ina tabia hiyo: ukikiita kitu kwa kukibofya kule chini badala ya kukifuata kwa vidole, inavipanga vyumba upya, ulichotumia karibuni kinavutwa mbele. Ijumaa nilipoiita kamusi, nyumba yangu ilijipanga upya nyuma ya mgongo wangu. Prufu, niliyokuwa nimetoka kuitumia, ikaenda kushoto, zamani ikaja kulia. Nami nikaendelea kama kawaida: kushoto ndiko kwenye haki, kulia ndiko kwenye makosa. Nikaichukua kalamu nikayaingiza makosa yote ya prufu ndani ya toleo sahihi! Na kwa kuwa kila ukurasa ulitanda skrini nzima, jina la faili lilikuwa limejificha. Ule utulivu wa chumba cha mtihani! Lo!

"Si nilikwambia, Mama, ujue umo chumba kipi," mkwe akasema, lakini kwa upole.

Kipaza hakucheka wala hakunisimanga. Alifunga kitabu chake, akasema, "Macho yako yalikuwa yanatafuta kinachoruka. Hayakuwa yanasoma." Basi.

Kisha akaomba chai ya pili.

Jumatatu, 10 Machi

Leo naandika nikiwa na nguvu za ajabu. Nimelala vizuri — sijui kwa nini, nilistahili kukesha.

Mkwe ameingia kwenye mipangilio, akazima ile tabia ya vyumba kujihamisha. Toleo la zamani nimelipakua upya kutoka kwenye barua ya Meneja, safi, halijaguswa. Nalo mkwe amelifunga lisomwe tu, lisiandikwe. Sasa nikijaribu kulisahihisha linanikatalia, kama bawabu. Na halitandi skrini nzima tena. Jina lake lipo juu, waziwazi, mchana kweupe. Prufu peke yake ndiyo inayotanda.

Nimeanza sura upya tangu mstari wa kwanza. Haki ya mtoto yule.

Mkwe ni mtu wa kweli. Wakati wa kuosha vyombo amesema: "Sasa, Mama, kuta zimesimama. Unaweza kuifanya peke yako, na haitatokea tena." Ni kweli. Nimelipima neno lake kila upande na ni kweli. Ndiyo maana linauma.

Jumanne, 11 Machi

Ah! Ah! Niandike haraka kabla sijapoa!

Kipaza hawezi kuja kila siku, goti halitaki. Leo amenipigia simu ya video kunijulia hali. Mkwe akaihamishia kwenye kompyuta, uso wa Kipaza ukatanda skrini nzima, pua kama mlima. Akauliza, "Umefika wapi?" Nikasema ukurasa wa nne. Akasema, "Ngoja nichukue kitabu."

Akaanza kusoma. Nami bila kufikiri nikatelezesha vidole vitatu, nikaingia chumba cha prufu. Uso ukaondoka. Sauti ikabaki!

Sauti ikabaki! Yuko chumba cha pili, simwoni, na anasoma sikioni mwangu, "mkato, aya mpya, herufi kubwa," kama vile yupo kiti cha jirani! Nikatelezesha hadi kwenye kamusi — yupo. Hadi kwenye barua — yupo. Kuta hizi zinazuia kila kitu isipokuwa Kipaza. Hata kuta za shirika hazikuwahi kumweza!

Tumefanya kurasa tatu. Kwanza yeye anasoma kutoka karatasi, mimi nasikiliza na kusoma kwa maana. Kisha nazihakiki kwa kurukaruka. Sikio lilikamata sentensi nzima iliyopachikwa chini ya mchoro usiokuwa wake. Jicho likakamata tarakimu mbili zilizopishana kwenye jedwali, ambazo sikio lilizipitia. Tunapishana, tunakamilishana. Sikuwahi kufanya kazi nzuri hivi maishani mwangu, hata nilipokuwa kijana mwenye nguo za kupigwa pasi.

Kipaza kanung'unika kwamba mate yamemkauka. Nikamwambia yule mwenza mpya alikuwa haombi maji. "Mwenza mpya alitaka kuua mtoto wa watu," akasema.

Nimestahili.

Jumatano, 12 Machi

Sura imekwisha, mara hii kweli. Imelala. Kesho inaondoka.

Kipaza ananiambia nisimtaje. "Andika jina lako wewe. Mimi nitasoma tu nikiwa kwangu, nani atajua? Usinibebe kama mzigo." Nikamwambia mzigo hausomi kwa sauti. Akakata simu.

Alhamisi, 13 Machi

Nimetuma. Juu yake nimeweka maelezo mafupi, sentensi fupi fupi, kila moja na nukta yake. Sura hii imesahihishwa na wawili, Nukta na Kipaza. Nilipoifanya peke yangu nilikosea, na kosa lenyewe ni hili. Nikalitaja la nusu lita, waziwazi. Kazi ikiwa ni ya mtu mmoja, atafutwe mwingine.

Mkwe alisoma juu ya bega langu. "Mama! Kosa nalo umelitaja la nini? Si ulishalirekebisha?" Nikamwuliza: wewe ukichora nguzo mahali pasipofaa, ukaiona kabla nyumba haijajengwa, hutawaambia wajenzi namna ulivyoiona? Akafikiri. Akasema angewaambia, lakini baada ya kulipwa. Tumecheka sana.

Jioni Meneja amepiga. Hakuwa na ile sauti ya adabu. Anasema maelezo yangu yamemtia kwenye shida, kwa kuwa bodi imekwisha kuambiwa msahihishaji ni mmoja, na baadhi ya wajumbe sasa wanauliza kama mzee huyu na kompyuta wanapatana. Kesho saa nne watakutana kwa video. Tuwepo. Wote wawili.

Wote wawili, amesema!

Ijumaa, 14 Machi

Naandika kwa penseli, kitabu hiki kikiwa pajani, na kompyuta mbele yangu. Mkutano haujakwisha. Wametutoa nje ili washauriane. Kumbe kompyuta ina hata chumba cha kungojea! Kimetanda skrini nzima, rangi ya kijivu, kimeandikwa: Tafadhali subiri. Angalau wameweka herufi kubwa.

Imekwendaje? Vizuri, nadhani. Au vibaya. Wajumbe walikuwa watano, kila mmoja kwenye kisanduku chake kama njiwa. Meneja akaniambia niwaonyeshe. Nikawaonyesha skrini yangu. Kipaza kwake, kitabu mkononi, amevaa kitambaa chake kizuri cha kichwani ambacho hakuna aliyekiona kwa kuwa aliielekeza simu darini. Akasoma. Nikahama vyumba. Sauti ikanifuata. Walipoona maneno yanavyoruka, mpiga chapa mkuu, aliyekuwa amekunja mikono, aliikunjua.

Ndipo mjumbe mmoja, daktari, akauliza kuhusu ile nusu lita. Nikaeleza yote. Vyumba vilivyohama, jina lililojificha, macho yasiyosoma. Akauliza kwa utaratibu: "Na sasa umezima hiyo tabia. Kwa hiyo leo unaweza peke yako?"

Mkwe alikuwa amesimama mlangoni. Nilimwona akitikisa kichwa: sema huwezi.

Nikasema naweza. Nikasema pia kwamba hata Ijumaa ile niliamini naweza, na niliamini hivyo hivyo kwa moyo wangu wote.

Sauti ikatoka darini: "Mkato, nami nipo, nukta."

Mpiga chapa alicheka. Daktari hakucheka, aliandika kitu. Meneja akasema tutoke kidogo.

Na sasa tunangoja. Kipaza kanipigia kwa simu ya kawaida, anataka kujua kama nami nimeandikiwa tafadhali. Ndiyo. Kisha akasema, bila herufi kubwa wala mkato, kwamba wakinichagua peke yangu nikubali, atafurahi kweli. Nikamwambia aache upuuzi, afungue sura ya pili.

"Hatujapewa sura ya pili," akasema.

"Kitabu si unacho? Soma."

Anasoma. Simu nimeiegemeza kwenye bakuli la sukari. Chanjo za mtoto, herufi kubwa, aya mpya. Sina prufu ya kufuatia, ila namfuatia hivyo hivyo, vidole vitatu juu ya kibao. Mkwe ameketi pembeni. Ameacha ramani zake.

Skrini imebadilika rangi. Kisanduku cha kwanza kimefunguka — ni daktari. Wengine bado. Kipaza yuko katikati ya sentensi na sitamkata. Uamuzi wao nitauandika hapa nikishausikia kwa masikio yangu, na chini yake wa kwangu: wawili, au atafutwe mwingine.